Je, waliowachoma wazushi hawakujua vingine?

Katekista mmoja kijana ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nawafundisha vijana wa kipaimara parokiani kwetu. Mmoja wao kaniuliza ilikuwaje Kanisa la Yesu, aliyesema wapendeni adui zenu, likachoma watu moto na kupigana vita na Wakristo wenzao. Nikamjibu kwamba watu wa zama zile hawakujua vingine. Hakuridhika, na mimi mwenyewe jibu langu halikunikaa. Anasema pia amesoma habari za abate aliyeamuru, 'Waueni wote, Mungu atawatambua walio wake.' Je, ni kweli? Na Kanisa limewahi kuomba radhi?"

Marahaba, ndugu yangu. Kijana huyo amefanya vema kutoridhika. Jibu ulilompa hata mapadre na walimu wengi hulitoa, nasi tumelizoea kwa kuwa linatuondolea uzito. Lakini nyaraka za zama zenyewe zinalikataa. Walijua vingine. Waliambiwa na watu wa ndani ya Kanisa, kwa maneno ya Injili, karne baada ya karne, na kila mara kukawa na sababu ya kutosikiliza.

Mwaka 385, mjini Trier, Kaisari Maximus alimuua Priscillian, askofu kutoka Hispania, pamoja na wafuasi wake kadhaa, kwa mashtaka yaliyochochewa na maaskofu wenzake. Martino wa Tours alikuwa amemsihi Kaisari asimwage damu. Hoja yake ilikuwa fupi: yatosha wazushi wahukumiwe na maaskofu na kutolewa makanisani. Ndivyo alivyosema mtu ambaye leo tuna parokia nyingi zenye jina lake.

Kama miaka 20 baadaye akaja Agostino wa Hippo, na hapa ndipo mlango ulipoanza kufunguka. Mwanzoni alipinga kuwalazimisha Wadonati, Wakristo wa Afrika ya Kaskazini waliojitenga, warudi Kanisani. Kisha akaona sheria za Kaisari zinawarudisha watu kwa maelfu, na wengine wanashukuru, akabadili msimamo na kuuandika waziwazi. Akashika maneno ya mfano wa karamu katika Luka 14:23, "ukawashurutishe kuingia ndani." Agostino huyohuyo aliwaombea Wadonati waliokuwa wameua padre wasihukumiwe kifo, kwa hiyo tusimbebeshe mzigo wote. Lakini mstari ule wa Luka ulibaki mezani, na waliokuja baada yake walikumbuka kushurutisha, wakasahau kwamba aliwaombea watu uhai.

Karne ya 11, askofu wa Châlons alimwandikia Wazo, askofu wa Liège, amshauri afanyeje na wazushi waliojitokeza jimboni kwake: awakabidhi kwa upanga wa serikali? Wazo alimjibu kwa mfano wa ngano na magugu, "viacheni vyote vikue hata wakati wa mavuno," akaongeza kwamba walio magugu leo huenda kesho wakawa ngano, na tunaowaona adui zetu njiani yawezekana Mungu akawaweka juu yetu mbinguni. Msomee kijana wako sehemu hiyo. Iliandikwa na askofu, miaka zaidi ya 150 kabla ya vita ninavyokwenda kukusimulia. Naye Bernardo wa Clairvaux, karne ya 12, baada ya umati wa watu kuwachoma wazushi huko Köln, alihubiri kwamba imani huja kwa kushawishiwa na hailazimishwi, ingawa katika mahubiri hayohayo aliacha nafasi kwa upanga wa mtawala dhidi ya wanaowapotosha wengine. Hata ndani ya mtu mmoja mambo hayo mawili yalikuwa yakivutana.

Basi kilichobadilika ni nini? Kwa maoni yangu ni sheria, zaidi ya hasira na zaidi ya ujinga. Mwaka 1184 Papa Lusio III, akiwa Verona pamoja na Kaisari Frederick I, aliwaagiza maaskofu wazitembelee parokia zenye tetesi za uzushi na kuwaapisha wenyeji wawataje wanaoshukiwa. Mwaka 1199 Papa Inosenti III akapiga hatua ndefu zaidi. Alisema kwamba ikiwa mtu anayemhaini mfalme wa dunia huuawa na mali yake kuchukuliwa, basi anayemhaini Kristo, mfalme wa milele, ana hatia kubwa zaidi. Yeye mwenyewe hakuamuru kifo katika waraka ule. Aliamuru mali itwaliwe, hata watoto waliobaki katika imani wasirithi. Lakini mantiki ilishawekwa. Mtu aliyekosea katika imani aliacha kuwa mgonjwa wa kuuguzwa, akawa mhaini. Na mhaini ana mali, na mali ina wanaoimezea mate.

Twende sasa kusini mwa Ufaransa ya leo, nchi ya Toulouse, Albi, Carcassonne na Béziers, iitwayo Languedoc. Huko kulikuwa na watu ambao vitabu vinawaita Wakatari au Waalbi. Majirani zao waliwaita tu watu wema, au Wakristo wema. Wakuu wao, wanaume kwa wanawake, hawakula nyama, mayai wala maziwa. Hawakuoa, hawakuapa, hawakuua. Walifundisha kwamba ulimwengu huu unaoonekana si kazi ya Mungu mwema, na kwamba roho huokolewa kwa kuwekewa mikono. Waumini wa kawaida waliishi kama watu wengine, wakingoja kuwekewa mikono hiyo siku za mwisho wa uhai wao. Wasomi wa leo wanabishana kama hawa walikuwa kanisa lililojipanga tangu mwanzo, au wapelelezi wa Kanisa waliokuja kuwahoji ndio waliowashona pamoja kwa maswali yao. Mimi naona kwamba kufikia katikati ya karne ya 13 ushahidi wa kuwa na maaskofu na ibada zao hauna shaka. Kwa miaka ya nyuma zaidi, tahadhari inafaa.

Wala usimwambie kijana wako kwamba mafundisho yao yalikuwa sawa na yetu. Hayakuwa, na Kanisa lilikuwa na haki ya kuyakana. Dominiko alifanya hivyo. Tangu 1206 alizunguka vijiji vile kwa miguu, maskini kama wao, akajadiliana nao hadharani, kwa mfano huko Montréal mwaka 1207. Njia ya kuhubiri ilikuwepo na ilikuwa imeanza. Ilipewa muda mfupi mno.

Kuna maneno ya askari mmoja Mkatoliki, Pons Adhémar, ambayo naona yanaeleza mengi kuliko vitabu vizima. Fulk, askofu wa Toulouse, alimuuliza kwa nini wenyeji hawawafukuzi wazushi. Akajibu kwamba hawawezi: wamelelewa pamoja nao, wana ndugu zao miongoni mwao, na wanawaona wakiishi maisha ya uadilifu. Mtu anayekaa nyumba moja na shangazi wa dini nyingine hahitaji kufafanuliwa jibu hilo.

Januari 1208, karibu na Saint-Gilles, mjumbe wa Papa, Peter wa Castelnau, aliuawa alipokuwa akitaka kuvuka mto Rhône. Alikuwa ametoka kugombana na Raymond VI, mtawala wa Toulouse, ambaye tayari alikuwa ametengwa na Kanisa kwa kutowaandama wazushi. Papa akamwona Raymond kuwa ndiye aliyehusika, akatangaza vita vya msalaba. Hapo jambo jipya likatokea: rehema ileile waliyopewa waliokwenda kupigana Yerusalemu sasa ilitolewa kwa kupigana katika nchi ya Wakristo, na desturi ikawa kwamba siku 40 za utumishi zatosha. Makabaila wa kaskazini waliona wokovu ulio karibu na nyumbani, na ardhi ya wazushi ikiwa imeahidiwa kwa atakayeitwaa.

Ndipo tunafika Béziers, tarehe 22 Julai 1209, sikukuu ya Maria Magdalena. Askofu wa mji aliingia na orodha ya majina zaidi ya 200 ya wazushi, akawataka Wakatoliki wawatoe hao au watoke wao wenyewe. Wengi wakakataa. Siku hiyo watu wa mji walitoka lango moja wakawachokoza wafuasi wa kambi, akina wapishi na watumishi, nao wakawafukuza hadi ndani. Mji ukaangukia mikononi mwa kundi ambalo wakuu hata hawakuwa wameliamuru kushambulia. Waliokimbilia kanisa la Magdalena waliuawa humohumo, wazushi na Wakatoliki, mapadre wakiwemo.

Je, abate Arnaud Amalric, mjumbe wa Papa aliyeongoza jeshi hilo, alisema, "Waueni wote"? Anayetuletea maneno hayo ni Caesarius wa Heisterbach, mtawa wa Kijerumani aliyeandika zaidi ya miaka kumi baadaye, mbali sana na Béziers, na hata yeye anasema inasemekana abate alisema. Hakuna aliyekuwepo aliyeyaandika. Mimi nisingeyafundisha kama ukweli uliothibitishwa. Lakini usimwache kijana aondoke akidhani abate ametakasika, kwani tunayo barua yake mwenyewe kwa Papa. Humo anaeleza kwamba watu wetu hawakujali cheo, umri wala jinsia, na karibu watu 20,000 walipita kwenye makali ya upanga, kisha anausifu ule kuwa ni kisasi cha Mungu cha ajabu. Wanahistoria wengi huona idadi hiyo imekuzwa. Nami ndicho kinachonitisha: aliikuza kwa fahari. Na yale maneno ya Caesarius, "Bwana awajua walio wake," yametoka Waraka wa Pili kwa Timotheo, 2:19. Awe ni abate aliyeyasema au ni mtawa aliyeyatunga, mmoja wao aliuchukua mstari wa faraja akaugeuza amri ya kuua.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Carcassonne ilijisalimisha Agosti. Watu waliruhusiwa kutoka wakiacha kila kitu, na mtawala wao kijana, Raymond Roger Trencavel, alifia gerezani mwaka huohuo. Ardhi zake alipewa Simon de Montfort, kabaila wa kaskazini. Mwaka 1210 huko Minerve walichomwa watu wapatao 140. Mwaka uliofuata, Lavaur, kati ya 300 na 400, na bibi wa mji, Giraude, akatupwa kisimani na kufukiwa kwa mawe.

Nasimama kidogo kwa Peter II, mfalme wa Aragon. Huyu alikuwa ametoa amri ya kuwachoma wazushi katika nchi yake kabla hata vita hivi havijaanza. Mwaka 1212 alikuwa mmoja wa wafalme watatu walioshinda Las Navas de Tolosa, vita kubwa ya msalaba dhidi ya Waislamu wa Hispania. Septemba 1213 aliuawa Muret, na jeshi la msalaba, akiwatetea shemeji yake wa Toulouse na watu waliokuwa chini yake. Hakuna Mkatoliki aliyemzidi kwa uaminifu. Aliuawa kwa sababu kufikia hapo vita vilikuwa vya nani amiliki nchi ile.

Montfort naye aliuawa na jiwe mbele ya kuta za Toulouse mwaka 1218, na vita vikaendelea mpaka mfalme wa Ufaransa alipoingia mwenyewe. Mkataba wa Paris wa mwaka 1229 ulimfanya Raymond VII, mwana wa Raymond VI, amwoze binti yake, Jeanne, kwa ndugu wa mfalme. Wawili hao walipofariki bila mtoto mwaka 1271, Languedoc ikawa mali ya taji la Ufaransa.

Na wazushi? Walikuwepo bado. Miaka 20 ya moto na upanga haikuwamaliza. Hili hulisisitiza kwa wanafunzi wangu kila mwaka: kilichowamaliza ni makarani.

Kuanzia 1231 hadi 1233 Papa Gregori IX alipanga kazi ya kupeleleza uzushi na kuwakabidhi hasa Wadominiko, watoto wa yuleyule Dominiko aliyetembea kwa miguu. Ndiyo iliyokuja kuitwa Inkwizisheni. Kabla sijakueleza ilivyofanya kazi, nakuomba uone siku moja tu, kama alivyoiandika Mdominiko wa Toulouse, Guillaume Pelhisson.

Ni tarehe 5 Agosti 1234. Dominiko ametangazwa mtakatifu, na Toulouse inasherehekea sikukuu yake kwa mara ya kwanza. Misa imekwisha, ndugu wanataka kunawa mikono waende mezani, askofu Raymond akiwa pamoja nao, Mdominiko mwenzao. Habari inaletwa: jirani hapa kuna mama mgonjwa sana, karibu anakata roho, na wazushi wamemwekea mikono. Askofu anakwenda. Mgonjwa ameambiwa kwamba bwana askofu anakuja, naye anadhani ni askofu wa watu wake. Askofu anaketi kando yake, anazungumza naye taratibu juu ya kuudharau ulimwengu, anamwuliza anaamini nini. Mama anafungua moyo. Askofu anamwambia asiikane imani hiyo kwa kuogopa kufa, naye anasema ameishikilia, hataki kusema uongo kwa ajili ya maisha mafupi yaliyobaki. Hapo askofu anamwita mzushi, anamwamuru akane. Mama anakataa. Wanaubeba mwili ule hai juu ya kitanda chake hadi uwanjani, wanauchoma. Kisha askofu na ndugu wanarudi mezani, na kile kilichoandaliwa wanakila kwa furaha kubwa, wakimshukuru Mungu na mwenye heri Dominiko.

Adui wao hakuhusika na habari hiyo. Pelhisson aliiandika kama ushindi. Sitaki kumwita askofu yule mnafiki. Naamini alishukuru kwa dhati. Dhati yake ndiyo inayoniumiza.

Lakini siku za namna hiyo hazikuwa kazi ya kila siku. Kazi ya kila siku ilikuwa karatasi. Mwaka 1245 na 1246, Bernard wa Caux na mwenzake Jean wa Saint-Pierre waliwaita watu wa Lauragais, eneo la jirani na Toulouse, parokia kwa parokia, wanaume kuanzia miaka 14 na wanawake kuanzia 12, wafike Toulouse, kwenye kanisa la Saint-Sernin. Walihojiwa zaidi ya 5,000. Maswali yalikuwa yaleyale: umewahi kuwaona wazushi, wapi, lini, nani mwingine alikuwepo, ulipiga magoti mbele yao, ulikula mkate waliobariki? Mtu alijibu kwa lugha ya kwao, karani akaandika kwa Kilatini. Ukisema ulimwona binamu yako arusini miaka 15 iliyopita akimwinamia mtu mwema, jina lake linaingia daftarini, na wiki ijayo anaulizwa yeye. Mshtakiwa hakuambiwa nani kamtaja. Aliweza tu kuorodhesha maadui zake, akibahatika jina liangukie humo. Nakala ya daftari hilo bado ipo Toulouse.

Katika hukumu zilizobaki za mwaka 1246, zaidi ya 200, hakuna hata mmoja aliyechomwa. Wengi walivishwa misalaba ya kitambaa cha njano mgongoni na kifuani, wengine wakafungwa. Bernard Gui, aliyepeleleza Toulouse tangu 1307, alihukumu mamia, na waliochomwa wakiwa hai walikuwa wapatao 40. Wapo wanaozitumia takwimu hizi kuitetea Inkwizisheni, na ni kweli kwamba idadi ya mamilioni unayoisikia mitaani ni uzushi wa aina yake. Ila mtetezi ajiulize ni kijiji gani kinabaki kijiji pale kila mkazi anapojua jina lake limo katika daftari na hajui nani kaliingiza. Tena mwaka 1252 Papa Inosenti IV aliwaruhusu watawala wa miji ya Italia wawatese washukiwa ili wakiri, mradi wasiwakate viungo wala kuwaua. Wafu nao walifukuliwa na mifupa yao kuchomwa, ili mali iweze kuchukuliwa kwa warithi.

Tarehe 16 Machi 1244, chini ya mlima wa Montségur, palipokuwa na ngome ya Wakatari, zaidi ya watu 200 waliingia motoni kwa sababu hawakutaka kukana. Wazushi wenyewe walikuwa wamewahi kuua: Mei 1242 askari kutoka ngome hiyo waliwavamia wapelelezi wa imani huko Avignonet usiku, wakawakata kwa mashoka. Mwaka 1321 alichomwa Guillaume Bélibaste, kiongozi wao wa mwisho tunayemjua katika nchi ile. Imani ya Wakatari ikaisha.

Toma wa Akwino aliweka hoja ya wakati ule kwa ufasaha: ikiwa wanaoghushi fedha huuawa, mzushi anayeiharibu imani, iliyo uhai wa roho, anastahili zaidi, akionywa na asirudi. Mpe kijana wako hoja hii bila kuidhoofisha, maana akili kubwa kuliko zetu iliiamini. Kisha mpe jibu la Wazo wa Liège. Aone kwamba yote mawili yalikuwa mezani. Hata ndani ya Kanisa la wakati huo kulikuwa na waliokataa: Bernard Délicieux, Mfransisko wa Carcassonne, aliishutumu Inkwizisheni hadharani kwamba hata Petro na Paulo wakirudi wasingeweza kujitetea mbele yake. Alihukumiwa mwaka 1319, akafia gerezani.

Kuhusu radhi: ndiyo. Machi 2000, Papa Yohane Paulo II aliongoza sala ya kuomba msamaha wa Mungu, ikitaja dhambi zilizotendwa katika kuutetea ukweli kwa njia zisizo za Injili. Wakatari hawana tena wa kuombwa radhi. Ila wapo Wavaldo, waliotokana na Valdes, mfanyabiashara wa Lyon aliyegawa mali yake karne ya 12 ili ahubiri kwa umaskini, wakatengwa katika waraka uleule wa 1184. Wao walisalia kwenye milima ya Alpi hadi leo. Tarehe 22 Juni 2015 Papa Fransisko aliingia kanisani kwao Torino, akawaomba msamaha kwa niaba ya Kanisa Katoliki kwa mwenendo usio wa Kikristo, hata usio wa kibinadamu, waliotendewa. Agosti mwaka huo sinodi yao ikamjibu. Walisema wamepokea ombi lake kwa heshima na kwa kuguswa sana, na kwamba wanaona mwanzo mpya kati yao. Lakini hawana ruhusa ya kujiweka mahali pa wale waliolipa kwa damu, na kusamehe kwa niaba yao.